Gunpei Yokoi na Ufundi Uliokauka

Mwaka 1965 kijana mmoja wa Kyoto, Japani, mwenye shahada ya uhandisi wa umeme kutoka Chuo Kikuu cha Doshisha, aliajiriwa katika kiwanda cha karata. Hakuajiriwa kubuni kitu chochote. Kazi yake ilikuwa kuitunza mitambo: kukaza palipolegea, kurekebisha palipokwama, na kuhakikisha kwamba mashine za kutengenezea karata hazisimami. Kampuni hiyo ilianzishwa mwaka 1889 na Fusajiro Yamauchi ili kuuza hanafuda, karata ndogo 48 zenye picha za maua na miti ya miezi 12 ya mwaka. Jina la kampuni lilikuwa Nintendo, na jina la fundi huyo mpya lilikuwa Gunpei Yokoi.

Leo Nintendo hujulikana duniani kote kwa michezo ya video, na wengi hudhani ilizaliwa hivyo. Ukweli ni kwamba safari kutoka karata za maua hadi michezo ya kielektroniki ilipita, kwa sehemu kubwa, mikononi mwa mtunza mitambo huyu.

Yokoi alizaliwa tarehe 10 Septemba 1941, katika mji huo huo wa Kyoto. Alisimulia baadaye, bila kuona haya, kwamba alama zake chuoni hazikuwa za kujivunia, kwamba makampuni makubwa ya umeme yalimkataa, na kwamba Nintendo ilimfaa kwa kuwa ilikuwa karibu na nyumbani. Mitambo nayo haikuharibika kila siku, hivyo alibaki na saa nyingi ambazo hakuwa na la kufanya. Katika saa hizo alijitengenezea kichezeo. Vilikuwa vijiti vilivyopishana na kufungwa katikati, mfano wa mikasi kadhaa iliyounganishwa. Ukibana mipini, vijiti hujinyoosha mbele na koleo lililo mwishoni hushika kitu kilicho mbali. Ukiiachia, vyote hujikunja na kurudi.

Siku moja rais wa kampuni, Hiroshi Yamauchi, kitukuu cha yule mwanzilishi, alikiona kichezeo hicho alipokuwa akizungukia kiwanda. Yokoi akaitwa ofisini. Alikwenda akitarajia kukaripiwa, kwani ni mwajiri gani amwonaye mfanyakazi wake akicheza saa za kazi akanyamaza? Yamauchi alimwagiza akitengeneze kiwe bidhaa. Kwa kuwa kampuni yao ilikuwa ya michezo, Yokoi akakiongezea vimpira vya rangi vya kuokota, ili mtoto awe na shindano na si mkono mrefu tu. Ultra Hand, kama kilivyoitwa, kiliingia madukani mwaka 1966, na zaidi ya vipande milioni moja vikanunuliwa. Yokoi akahamishiwa kazi ya kubuni bidhaa mpya, na hakurudi tena kwenye mitambo ya karata.

Kisa hiki husimuliwa kana kwamba sifa yote ni ya Yokoi. Mimi huona kwamba nusu yake ni ya Yamauchi. Alikuwa mkuu mkali, asiyependa kupingwa, na wafanyakazi wake walimwogopa. Hata hivyo, siku ile aliiona kazi ya mikono kabla ya kuliona kosa la kinidhamu. Viwanda vingi vimepoteza akina Yokoi wao kwa barua ya onyo.

Vichezeo vilivyofuata vilikuwa vya ajabu ajabu. Mwaka 1969 alitoa Love Tester, kifaa cha kupimia mapenzi. Watu wawili hushikana mikono, na kila mmoja kwa mkono wake wa pili hushika tufe la chuma lililounganishwa na kifaa kwa waya. Mshale kwenye kipimo husogea kuonyesha kiasi cha mapenzi yao. Kwa kweli kifaa kilipima jinsi umeme mdogo unavyopita katika miili yao, na mikono yenye jasho huupitisha vizuri zaidi. Ujuzi huo wa umeme ulikuwa wa zamani sana, wala hapakuwa na mwanafunzi wa fizikia ambaye angeustaajabia. Jipya lilikuwa matumizi yake. Yokoi mwenyewe alikiri kwamba alitaka tu kuwapa vijana kisingizio cha kushikana mikono.

Mfano ninaoupenda kuliko yote, ingawa hutajwa mara chache, ni gari la kuchezea la mwanzoni mwa miaka ya 1970 lililoitwa Lefty RX. Magari ya kuongozwa kwa redio yalikuwa ghali mno wakati ule, kwa sababu kila amri unayotaka gari litii huongeza vifaa na gharama. Yokoi hakutafuta njia ya kuvipunguzia bei vifaa hivyo. Alijiuliza ni amri ipi ambayo mtoto hawezi kuikosa, akabakiza hiyo moja na kuziondoa nyingine zote. Gari lake lilikwenda mbele lenyewe, na ulipobonyeza kitufe lilikata kushoto. Kulia halikuweza kwenda kabisa. Lakini magari ya mashindano huzunguka uwanja kwa upande mmoja, na anayezunguka kwa upande mmoja hana haja ya kukata kulia. Watoto ambao wazazi wao wasingeweza kununua gari kamili walishindana kwa magari yaliyokata kushoto tu.

Katika gari hilo tayari imo falsafa yake yote. Yeye aliiita kwa Kijapani kareta gijutsu no suihei shikō. Kwa kuwa ninyi mnajifunza lugha, tuyatazame maneno hayo kwa makini. Gijutsu ni ufundi au teknolojia. Shikō ni kufikiri. Suihei ni mlalo, kama ulivyo uso wa maji yaliyotulia. Ugumu umo katika neno la kwanza, kareta, litokalo katika kitenzi kinachosemwa juu ya mimea: kunyauka au kukauka. Tukitafsiri neno kwa neno, tunapata ‘kufikiri kwa mlalo kwa teknolojia iliyonyauka’, nasi tunakwama, kwa maana kwetu kilichonyauka kimekaribia kutupwa.

Nadhani ‘kukauka’ kunafaa zaidi, na seremala atanielewa. Ubao mbichi haufanyi mlango. Leo umenyooka, baada ya miezi michache umepinda na mlango haufungi. Seremala huusubiri ukauke, na ukisha kukauka anajua utakavyofanya kazi chini ya randa yake. Teknolojia iliyokauka, kwa maana ya Yokoi, ni ile iliyokwisha kuzoeleka: kasoro zake zinajulikana, mafundi wake ni wengi, bei yake imeshuka. Washindani wake walifikiri kwa wima, wakipanda juu kila mwaka kutafuta kipya zaidi. Yeye alichukua kilichoshuka bei akakisogeza kando, mpaka mahali ambapo hapakuwa na mtu aliyewahi kukiweka.

Si kila jaribio lilifanikiwa. Bunduki za mwanga zilizolenga seli za nuru ziliuzika vizuri kama vichezeo, na mwaka 1973 Nintendo ikajaribu kuigeuza teknolojia hiyo kuwa kumbi kubwa za kulenga shabaha, mahali pa kumbi za mchezo wa kuvingirisha matufe ambazo watu walikuwa wamezichoka. Mwaka huo huo bei ya mafuta ilipanda duniani, wateja wakafuta maagizo yao, na kampuni ikaachwa na madeni mazito.

Katika miaka hiyo hiyo ya 1970, makampuni ya Sharp na Casio yalikuwa yakipigana vita vya vikokotoo. Kila moja ilishusha bei na kupunguza ukubwa, mpaka kikokotoo kikawa kitu cha kutia mfukoni, na vioo vyake vyembamba vyenye tarakimu nyeusi vikawa rahisi kupatikana. Yokoi alisimulia kwamba siku moja, ndani ya treni ya mwendo kasi, alimwona abiria aliyechoshwa na safari akibonyezabonyeza kikokotoo chake bila kukokotoa chochote. Akawaza kwamba mtu mzima huyu angependa kucheza, lakini anaona aibu kuonekana akicheza. Anahitaji mchezo mdogo unaojificha kati ya viganja viwili. Baadaye, alipomwendesha Yamauchi kwa gari siku ambayo dereva wake hakuwapo, alimweleza wazo hilo. Rais hakuonyesha kuvutiwa. Lakini katika mkutano aliokuwa akienda alikutana na mkuu wa Sharp, na muda si muda wahandisi wa kampuni hizo mbili wakawa wanazungumza.

Mbinu yao inastahili kuelezwa. Katika kikokotoo, kila tarakimu huundwa kwa vijifito saba. Vikiwashwa vyote husomeka 8, vikiwashwa viwili vya kulia husomeka 1. Kila kifito kina mahali pake pasipobadilika, nacho hujua mambo mawili tu, kuonekana na kutoonekana. Yokoi na wenzake waliviondoa vijifito wakaweka picha ndogo: mkono upande huu, mkono upande ule, mpira hapa, mpira pale juu yake. Picha zinapowashwa na kuzimwa kwa zamu, jicho huona mtu akirusha mipira na kuidaka. Ndivyo ulivyozaliwa mchezo wa kwanza wa Game & Watch, uliotoka mwezi wa Aprili 1980. Kifaa kilikuwa na saa pia, na pengine ile saa ilimpa mtu mzima kisingizio alichohitaji. Kwa jumla Game & Watch za aina mbalimbali zilizouzwa duniani zilifikia milioni 43.4.

Mwaka 1982 ukaja mchezo wa Donkey Kong katika kifaa cha kukunja, na pamoja nao tatizo dogo lililoleta matokeo makubwa. Katika mashine za ukumbini mchezaji alimwongoza mhusika kwa kifimbo kilichosimama wima. Kifimbo hakikunjiki, wala hakiingii mfukoni. Kikosi cha Yokoi kikakibadili kuwa kitufe bapa chenye umbo la msalaba, chenye egemeo katikati, ili kidole gumba kiweze kuhisi pande nne bila jicho kutazama. Tangu hapo msalaba huo, au ndugu zake wa karibu, umekuwamo katika karibu kila kifaa cha kuchezea michezo ya video, hata vya makampuni hasimu.

Donkey Kong wenyewe ulikuwa umetoka mwaka uliotangulia kwa ajili ya kumbi za michezo. Mashine nyingi za mchezo mwingine zilikuwa zimelala bila wanunuzi nchini Marekani, na Yamauchi alitaka mchezo mpya wa kuwekwa ndani yake. Kazi alipewa msanii kijana aliyeitwa Shigeru Miyamoto, na Yokoi akawekwa kumsimamia. Umaarufu wa Miyamoto baadaye ulimfunika msimamizi wake, na si kwa dhuluma, kwa kuwa kipaji kilikuwa chake. Hata hivyo, katika mchezo wa Mario Bros. wa mwaka 1983, ni Yokoi aliyemshawishi kwamba Mario aweze kuanguka kutoka juu sana bila kuumia. Miyamoto alisita. Tangu hapo, vizazi vya watoto vimeruka kutoka juu bila hofu.

Tarehe 21 Aprili 1989 Nintendo ilianza kuuza Game Boy nchini Japani kwa yeni 12,500. Ukikitazama kifaa hicho kwa jicho la wakati ule, kilionekana kimechelewa kuzaliwa. Kioo chake hakikuwa na rangi, bali vivuli vinne tu vya kijani chenye ukungu, wala hakikuwa na taa. Aliyetaka kucheza usiku alikaa chini ya balbu. Mwaka huo huo Atari ilitoa Lynx, yenye rangi na mwanga, na mwaka 1990 Sega ikaleta Game Gear, nayo yenye rangi. Kwa maelezo ya Yokoi mwenyewe, aliposikia habari za washindani aliuliza jambo moja: je, kioo chao kina rangi? Alipojibiwa kwamba kina rangi, alitulia.

Utulivu huo ulikuwa na hesabu ndani yake. Kioo cha rangi chenye taa kilikula umeme. Lynx na Game Gear zilihitaji betri 6, nazo zilikwisha baada ya saa chache. Game Boy ilitumia betri 4 kwa saa zaidi ya kumi. Nchini Marekani Lynx iliuzwa kwa dola 179.99 na Game Boy kwa dola 89.99, tena ikiwa pamoja na Tetris, mchezo wa Mrusi Alexey Pajitnov ambao hauhitaji rangi hata kidogo. Mtoto aliye safarini hajali uzuri wa picha ambayo imekwisha kuzimika. Pamoja na mrithi wake, Game Boy Color, kifaa hicho kiliuzwa zaidi ya milioni 118. Kimoja kilichoungua katika kambi iliyopigwa bomu wakati wa Vita vya Ghuba, ganda lake likiwa limeyeyuka, kiliwekwa kwa miaka mingi katika duka la Nintendo mjini New York, kikiwa bado kinaonyesha Tetris.

Lakini mwanahistoria hapaswi kumwachia mtu mmoja kazi ya wengi. Satoru Okada, mhandisi aliyefanya kazi chini ya Yokoi, ameeleza kwamba mkuu wake alikitaka kifaa kiwe kichezeo cha bei nafuu mfano wa Game & Watch, na kwamba yeye, Okada, ndiye aliyepigania mashine yenye uwezo zaidi, itakayoandikiwa michezo mipya kwa miaka mingi. Walibishana, na mwishowe Yokoi alimruhusu aendelee. Ninavyoona, Game Boy ilifaulu kwa sababu ya ubishi huo. Bila Yokoi ingekuwa ghali. Bila Okada ingesahauliwa mapema. Ilikuwa hai bado mwaka 1996, wakati Satoshi Tajiri alipotoa Pokémon, mchezo uliotegemea waya mfupi wa kuunganisha mashine mbili, ili watoto wawili wabadilishane viumbe walivyokamata.

Mwaka mmoja kabla ya hapo lilikuwa limetokea anguko. Virtual Boy, mashine ya Yokoi ya mwaka 1995, ilikuwa kama miwani mikubwa iliyosimama juu ya miguu mezani. Mchezaji aliuingiza uso wake ndani akaona picha zenye kina, zote nyekundu juu ya weusi. Wachezaji walilalamika kwamba macho na vichwa viliwauma. Nchini Japani haikumaliza mwaka madukani, na duniani kote iliuzwa kiasi cha 770,000 tu.

Husemwa mara nyingi kwamba Yokoi alianguka kwa sababu aliiacha kanuni yake akakimbilia mapya. Sikubaliani na hukumu hiyo. Taa ndogo nyekundu alizozitumia zilikuwa za bei nafuu na zilizozoeleka. Za buluu zenye mng’ao wa kutosha zilikuwa bado mpya na ghali. Aliishika kanuni ile ile, tena kwa ukaidi. Tofauti ni kwamba katika Lefty RX alichokiondoa hakikumnyima mtoto mashindano, na katika Game Boy alichokiondoa hakikuunyima Tetris chochote. Katika Virtual Boy aliondoa kitu ambacho wachezaji walikitamani. Tena, mtu aliyewahi kutengeneza kifaa cha kuwafanya wawili washikane mikono alikuwa sasa ametengeneza kifaa kinachomfungia mmoja gizani, asionwe wala asione wenziwe.

Aliondoka Nintendo tarehe 15 Agosti 1996, baada ya miaka 31. Watu walisema amefukuzwa kwa sababu ya Virtual Boy; yeye alikana, akaeleza kwamba alikuwa amekusudia kwa muda mrefu kujitegemea. Kabla ya kuondoka alikamilisha Game Boy Pocket, ndogo na nyepesi kuliko ya kwanza. Kisha akafungua kampuni yake ndogo, Koto, huko huko Kyoto, na kuanza kubuni kifaa kingine cha mkononi kwa ajili ya kampuni ya Bandai.

Tarehe 4 Oktoba 1997 alikuwa abiria katika gari kwenye barabara kuu ya Hokuriku, mkoani Ishikawa. Gari lao liligonga lori lililokuwa mbele. Aliposhuka kutazama uharibifu, gari jingine likamgonga. Alikuwa na umri wa miaka 56. Mwaka 2003 chama cha kimataifa cha watengenezaji wa michezo ya video kilimtunuku heshima ya kazi ya maisha yote.

Kifaa alichokiacha mezani kilikamilishwa na wengine, kikatoka tarehe 4 Machi 1999 kwa jina la WonderSwan. Nintendo ilikuwa tayari inauza Game Boy yenye rangi; hiki hakikuwa na rangi. Kiliuzwa kwa yeni 4,800 na kilitumia betri moja tu, kwa saa 30 na zaidi. Mchezaji aliweza kukishika kwa wima au kwa mlalo. Mahali pa msalaba maarufu palikuwa na vitufe vinne vilivyotengana, kwa maana hataza ya msalaba ilikuwa mali ya Nintendo. Miongoni mwa michezo ya siku ya kwanza ulikuwamo mmoja wa fumbo, wa kuunganisha vipande vya mistari kutoka ukingo hadi ukingo. Uliitwa Gunpey.